Kiingilio Bure

Gari la matangazo lilipita Mabatini Alhamisi,
spika moja inakoroma, nyingine ina kifaduro:
"Jumamosi, Furahisha! Watoto kwa wazazi!
Kiingilio bure! Bure kabisa!"

Holo, miaka minne, akaacha uji akauliza:
"Baba, bure ni shilingi ngapi?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza.
Neno hilo nimeshalisikia kwa vinywa vingine.
Mwenye nyumba alilitamka akihesabu miezi:
"Mtu mzima, bure tu."
Tangu kiwanda kizime mitambo ya barafu
na sisi wakata minofu turudishe aproni na buti,
nimekuwa bure siku zote saba,
bila kiingilio, bila watazamaji.

"Bure ni sifuri," nikamwambia.
"Basi tunayo," akasema dada yake, Limi.

Jumamosi Nyanzala alitia mkaa kwenye pasi
utadhani tunakwenda harusini.
Tukateremka kwa miguu katikati ya mawe,
haya mawe yetu yaliyobebana
kama masufuria ya jana.
Juu ya ziwa mawingu ya vuli yalikuwa kikaoni,
na mbali kidogo, moshi usio na moto:
wadudu wa ziwani, mamilioni,
wanapanda wakizunguka.
Nao hawakulipa.

Kwenye mbio za magunia Limi alianguka mara mbili,
akafika wa mwisho, akashangiliwa kuliko mshindi.
Nesi alinipima presha,
akaitazama mashine, akanitazama mimi,
akapima tena.
Kijana wa maktaba aliigiza fisi
mpaka mtoto wa watu akalia, akabembelezwa,
akadai fisi arudi.
Na Nyanzala, ambaye sijamwona akikaa tangu Pasaka,
alikaa. Mkekani. Viatu pembeni.
Akasikiliza hadithi ya fisi mpaka mwisho.

Halafu hema la watu wa samaki.

Sangara nawajua. Nimewafungua maelfu:
nyongo iko wapi, bondo linatoka vipi lisipasuke,
kisu kiingie wapi.
Furu nilizoea kuwakuta tumboni mwao,
nusu wameyeyuka, rangi ya majivu.
Sasa hawa hapa, ndani ya kioo, wazima,
wadogo kama kidole changu kilichokatika ncha,
bluu, wekundu, mmoja ana mstari wa manjano
kama amevalishwa kwa sherehe.
Miaka kumi na moja kiwandani
sikujua furu ana rangi.

Binti wa maabara akaonyesha mmoja mwenye mashavu yaliyovimba.
"Huyu mama. Watoto wake wako mdomoni.
Wiki mbili, wiki tatu, hali kitu,
mpaka wajue kuogelea."

"Kha!" wakasema watu.
Nikageuka kumtafuta Nyanzala nimwonyeshe.
Alikuwa anavunja hindi la kuchoma,
gharama yetu pekee ya siku ile:
kipande cha Limi, kipande cha Holo, kipande changu.
"Na wewe?"
"Nimeshiba."
"Umeshiba saa ngapi?"
Akanitazama kama nesi alivyonitazama.
Nikakivunja changu. Akakipokea bila neno.

Mvua ilitukuta karibu na daraja la Mirongo.
Holo mgongoni mwangu, mzito kama gunia la dagaa,
nikadhani kalala.
"Baba. Akipiga chafya?"
"Nani?"
"Mama samaki."

Sikuwa na jibu. Binti wa maabara
hakutufikisha huko.
Nyanzala, viatu mkononi, alicheka
hadi akashika ukuta wa watu.
"Anawaita," akasema, "anawahesabu,
anawarudisha mmoja mmoja.
Na yule mkaidi anakuwa wa mwisho."
"Limi," akasema Holo.
"Mimi?" akasema Limi, na ugomvi ukaanza,
ukatufikisha nyumbani.

Nasikia Jumamosi ijayo ni Nyegezi, kupanda miti,
familia zote zinakaribishwa, bure.
Tutakwenda.
Ila nitawahi mapema, peke yangu,
niulize kama mashimo yameshapata mchimbaji,
na kama naye ni bure.